Nimeshtakiwa kwa deni la majora ya vitambaa: nijibu au ninyamaze?

*Swali: Wakili, hujambo. Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Mombasa, nina cherehani nne na wasaidizi wawili. Desemba 2023 nilichukua majora 30 ya vitambaa kwa mkopo kwenye duka la jumla, kila jora Sh8,000, jumla Sh240,000. Hatukuandikiana chochote, yeye alitia tu kwenye daftari lake. Nimelipa kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka zikafika Sh150,000. Katika hizo, Sh32,000 nilituma kwa simu ya kijana wake wa dukani, maana mwenyewe ndiye aliyeniagiza kwa ujumbe wa sauti. Majora matatu yalichuja rangi; nikayapiga picha nikamtumia wiki ile ile, akajibu "tutaangalia". Wazazi wakanirudishia sketi, nikawalipa Sh15,000. Tangu hapo biashara ikayumba nikashindwa kumaliza deni. Siku tisa zilizopita nimeletewa kwa WhatsApp karatasi za Mahakama ya Madai Madogo. Ananidai Sh183,000: deni Sh122,000 na riba Sh61,000, yaani asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi 10. Kaka yangu ananiambia karatasi za WhatsApp si kitu, nisijibu. Jirani asema nikijibu nimekiri. Mwingine asema deni lisiloandikwa halina kesi. Mimi naogopa kufungwa na kunyang'anywa cherehani. Nina Sh10,000 mkononi. Nimtumie?*

Dada yangu, pole kwa mshtuko. Karatasi yenye nembo ya mahakama ikiingia kwenye simu saa mbili usiku, hata mtu asiyedaiwa ndururu hukosa usingizi. Lakini nimesoma barua yako mara mbili, na sioni kesi ya kukutoa usingizini. Naona hesabu. Wewe unakubali kwamba unadaiwa, ila si kiasi anachosema yeye. Kazi yako ni kuiambia mahakama hivyo, kwa maandishi, kabla ya muda kwisha. Muda huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko deni lenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ukishapelekewa dai katika mahakama hii una siku 15 za kuwasilisha jibu. Umeshatumia tisa. Fungua ile notisi sasa hivi uangalie tarehe zilizoandikwa, kisha uhesabu vidole.

Kaka yako anakupenda, lakini ushauri wake umepitwa na wakati. Zamani ilibidi mpelekaji wa hati akufuate mpaka mlangoni. Tangu mwaka 2020, kanuni za kesi za madai hapa Kenya zinaruhusu hati kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Aliyekutumia atakula kiapo kwamba alituma kwa namba yako, aambatishe picha ya mazungumzo, na zile alama mbili za buluu zitamsemea. Ukiamini kwamba hukupelekewa ipasavyo unaweza kulalamika, lakini ulalamike ndani ya mahakama, si kwa kukaa kimya nyumbani.

Na ukikaa kimya? Siku zikipita bila jibu, mdai huomba hukumu itolewe bila wewe kusikilizwa. Kwa kuwa anachodai ni kiasi cha fedha kinachojulikana, hakuna mengi ya kumsumbua. Zile Sh183,000, pamoja na riba ambayo hukuwahi kuikubali, zinageuka kuwa amri ya mahakama. Inawezekana kuomba hukumu kama hiyo itenguliwe, na nimewahi kuwasaidia watu kufanya hivyo. Lakini hapo utakuwa unajieleza kwanza kwa nini hukujibu, kabla hata hujafika kwenye vitambaa. Mteja wangu mmoja alikuwa na risiti zote za kuonyesha amelipa deni lake lote. Alizileta ofisini siku dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa na kuiuza, alipokuwa amekwisha kuorodhesha vyombo vyake. Tuliokoa vyombo, lakini gharama zake zilikaribia deni lenyewe.

Jirani naye amechanganya mambo mawili. Kujibu si kukiri. Unaweza kukubali dai lote, kukubali sehemu, kulikana lote, au kukubali na papo hapo ukawa na dai lako dhidi ya anayekudai. Linalokufaa wewe ni kukubali sehemu.

Wa tatu ndiye amekosea zaidi. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Vitambaa vilitoka, ukavipokea, ukaanza kulipa. Hakuna mahakama itakayokuambia deni hilo halipo kwa sababu hamkuandikiana. Sheria yetu inataka maandishi yenye sahihi katika baadhi ya mambo, kwa mfano mtu anapodhamini deni la mwingine, au katika ununuzi wa ardhi. Kununua majora ambayo umeshayapokea na kuanza kuyalipa hakumo. Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili, na hapa ndipo kinapokusaidia wewe: kama hamkuandikiana, hiyo riba ya asilimia 5 kwa mwezi ilitoka wapi?

Kabla ya hesabu, nikueleze kidogo mahakama uliyoitiwa, maana wengi huichukulia kama ile ya kwenye filamu. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na ikaanza kazi mwaka 2021, kwanza Milimani kule Nairobi, kisha ikaenea miji mingine, Mombasa ikiwemo. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Mwanzoni kiwango kilikuwa Sh200,000, kikaongezwa mwaka 2020. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, naye ni wakili aliyebobea. Haifungwi na zile kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha ya simu haitatupwa nje kwa sababu tu hujui kuiwasilisha kiwakili. Unaweza kusimama mwenyewe na ukasema kwa Kiswahili. Ukishindwa kufika kwa sababu ya msingi, unaweza kumtuma mtu uliyempa idhini, ila awe anaijua kesi yenyewe na awe na mamlaka ya kukubali jambo kwa niaba yako. Kwa hiyo usimtume kaka yako kama hajui hata rangi ya vitambaa.

Jambo la kushika ni kasi. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa, na kuahirisha si jambo la kuomba ovyo. Katika mahakama nyingine mtu huweza kusema "ushahidi wangu nitauleta tarehe ijayo". Hapa tarehe ijayo huenda isiwepo. Kila ulicho nacho kiende pamoja na jibu lako.

Sasa hesabu. Ulichukua mali ya Sh240,000. Yeye anakubali umelipa Sh118,000, ndiyo maana anadai Sh122,000. Wewe unasema ulilipa Sh150,000. Tofauti ni zile Sh32,000 zilizopitia kwa kijana. Zikihesabiwa hizo, deni linabaki Sh90,000. Ukiondoa majora matatu yaliyochuja, Sh24,000, linabaki Sh66,000. Hiyo Sh66,000 ndiyo namba yako. Iandike mahali, kwa sababu utaulizwa na mwamuzi, na mtu anayejua namba yake husikilizwa tofauti na anayelia tu kwamba ameonewa.

Zile Sh32,000 nadhani ndizo utakazoshinda kwa urahisi. Anayedai akimwambia anayedaiwa "mlipe fulani", malipo kwa huyo fulani ni malipo kwake. Kama kijana alizila, hiyo ni kesi kati ya tajiri na kijana wake, wewe haikuhusu. Lakini lazima uonyeshe aliagiza. Kwa hiyo usifute ule ujumbe wa sauti, na usibadilishe simu wiki hii hata kioo kikipasuka. Andika neno kwa neno alichosema, tarehe na saa, uambatishe picha ya mazungumzo inayoonyesha namba yake na ujumbe wa sauti, kisha uende na simu yenyewe siku ya kesi, ina chaji. Upande wa malipo, usitegemee jumbe za M-Pesa zilizotawanyika kwenye simu. Omba taarifa rasmi kwa *334#, na kama ya miaka ya nyuma haipatikani kwa njia hiyo, pitia duka la Safaricom. Chora mstari kwa kalamu kwenye kila malipo yaliyoenda kwake au kwa kijana.

Majora yaliyochuja yana mzozo zaidi. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze mali inayofaa kwa kazi yake, na kitambaa cha sare kinachochuja hakifai. Mdai atasema: "Mbona hakuvirudisha? Alivikata akashona." Ni hoja yenye nguvu. Ukishaipokea mali na kuitumia, huwezi tena kusema unaikataa. Hata hivyo, bado unaweza kuomba bei ipunguzwe kwa kasoro ile, na zile picha ulizotuma wiki ile ile pamoja na neno lake "tutaangalia" zinaonyesha hukuzua malalamiko baada ya kushtakiwa. Kama una kipande kilichobaki, kiweke ndani ya mfuko, usikifue tena. Mwamuzi akikiona kwa macho yake, hutahitaji kueleza sana.

Zile Sh15,000 za wazazi nakuachia uamuzi, lakini nitakwambia ninavyoona. Hizo si punguzo la bei, ni hasara uliyoipata kwa sababu ya kasoro, na unaweza kuzidai kama dai lako dhidi yake ndani ya kesi hiyo hiyo. Kama una majina ya wazazi, tarehe, na uthibitisho wa kuwarudishia, ziweke. Kama ulizitoa taslimu mlangoni bila hata karatasi, mimi ningeziacha. Dai dhaifu moja huyaambukiza mazuri matatu; mwamuzi akianza kukuona unaongeza chumvi, ataitilia shaka na ile ya kijana.

Riba ndiyo nyepesi. Mahakama inaweza kutoa riba tangu siku kesi ilipofunguliwa, na kuanzia hukumu hadi utakapomaliza kulipa, kwa kiwango chake cha mwaka. Riba ya kabla ya kesi kufunguliwa inahitaji msingi: makubaliano, sheria, au desturi ya biashara iliyothibitishwa. Mwache yeye aonyeshe. Chunguza tu kama kwenye risiti zake za zamani hakuna maandishi madogo kule chini yanayotaja riba, na kama hukuwahi kumjibu "sawa" alipokutajia. Ukikuta kitu cha namna hiyo, mwoneshe wakili kabla ya kuandika lolote.

Jibu lenyewe ni fomu, si insha. Kwenye maelezo andika aya fupi zenye namba, kila moja jambo moja. Kwa mfano: "Ninakubali kwamba Desemba 2023 nilipokea majora 30 yenye thamani ya Sh240,000. Ninakana kwamba nimelipa Sh118,000 pekee. Nimelipa Sh150,000 kama inavyoonekana kwenye taarifa ya M-Pesa niliyoambatisha. Sh32,000 zilitumwa kwa simu ya mfanyakazi wa mdai kwa maagizo yake mwenyewe. Majora matatu yalikuwa na kasoro, na nilimjulisha ndani ya wiki. Ninakana kwamba tuliwahi kukubaliana riba. Ninakubali deni la Sh66,000 na ninaomba kulipa kwa awamu." Basi. Ya kwamba amekutukana sokoni, au kwamba mkewe ni rafiki wa shangazi yako, yaache nje.

Majibu huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama. Kama hujui kuutumia, beba karatasi zako uende masjala ya mahakama iliyotajwa kwenye notisi asubuhi na mapema, uombe uelekezwe. Saiba zilizo karibu na mahakama nazo hufanya kazi hiyo kila siku, ila soma kilichoandikwa kabla hakijatumwa, kwa sababu nimewahi kuona jibu la mtu mmoja limebandikwa kwenye kesi ya mwingine. Ukiwa hapo masjala, hakikisha pia kwamba namba ya kesi ipo kweli, maana matapeli nao wamejifunza kubandika nembo ya mahakama kwenye barua. Ukishawasilisha, mtumie mdai au wakili wake nakala, na utunze uthibitisho. Kesi nyingi hutajwa kwa video, kwa hiyo fuatilia orodha ya kesi upate kiungo. Usikae kibarazani mahakamani wakati jina lako linaitwa kwenye skrini. Na ukiulizwa kama unakubali kesi iamuliwe kwa karatasi peke yake bila mtu kusimama, fikiri kwanza. Inawezekana tu mkikubaliana nyote. Wewe una ujumbe wa sauti na kitambaa kilichochuja, vitu vinavyosema vizuri zaidi mbele ya mtu, kwa hiyo mimi ningeomba kusikilizwa.

Tuje kwenye hofu zako. Kesi ya deni si kesi ya jinai, na polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya vitambaa. Tahadhari moja tu: kama uliwahi kumpa hundi ikarudi, hilo laweza kuwa kosa la jinai, na hapo usisubiri hata siku moja bila wakili. Kifungo cha madai kipo katika sheria yetu, siwezi kukuficha, lakini hakiji ghafla. Kwanza iwepo hukumu, kisha uitwe ueleze kwa nini usifungwe, na mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba una uwezo wa kulipa na umekataa, au kwamba unapanga kutoroka. Mtu aliyejibu, akakubali anachodaiwa na akaonyesha mpango wa kulipa, hafanani na huyo.

Cherehani nazo zina ngao. Sheria inakataza kukamata vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake ya kujipatia riziki, pamoja na nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya familia. Cherehani yako unayoshonea sina shaka nayo. Hizo tatu nyingine, hasa kama zinatumiwa na wasaidizi, mtu anaweza kubishana nazo. Majora yaliyo dukani hayana ngao hiyo. Dalali naye hawezi kuja leo na kubeba leo. Huorodhesha mali kwanza, akakupa siku saba za kulipa. Akija bila amri ya mahakama, mwambie akuonyeshe, na usitie sahihi orodha usiyoisoma.

Mkitaka kupatana, patananeni. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya nafuu, na mahakama hii inaipenda. Ningeanza na Sh66,000 kwa awamu za kiasi unachoweza kweli, si cha kumfurahisha siku ya kwanza. Barua ya kupatana ianze na maneno kwamba imeandikwa bila kuathiri haki zako, ili isije ikatumiwa dhidi yako mkishindwana. Mkikubaliana, mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na yawasilishwe mahakamani. Kupeana mikono tu dukani kutakuacha na kesi inayoendelea usiyoijua.

Mwone mtu ana kwa ana kama mdai ataleta karatasi yenye sahihi yako usiyoikumbuka, kama kuna hundi, kama siku 15 zimeshapita, au kama hukumu imeshatoka. Rufaa kutoka mahakama hii huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Huko hakuna wa kukusikiliza tena habari za rangi kuchuja, kwa hiyo ushahidi wako wa sasa ndio wa kwanza na wa mwisho. Kama huna fedha za wakili, Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wananchi tangu 1973, kina ofisi Mombasa, na ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Nenda na karatasi zote, si hadithi peke yake.

Na hizo Sh10,000? Ningezituma, lakini baada ya jibu kuwasilishwa, si kabla, maana malipo hayasimamishi zile siku 15 na wewe utajisahau ukidhani umemtuliza. Zitume kwa namba yake mwenyewe au till ya duka, kamwe si kwa kijana mwingine yeyote, hata akikuagiza kwa sauti tamu. Papo hapo mwandikie: "Nimetuma Sh10,000, sehemu ya Sh66,000 ninazozikubali katika kesi namba fulani." Zitakazobaki ni Sh56,000.